Madai Yaliyokataliwa: Kuwatafuta Mababu Askari katika Nyaraka za Malipo ya Jeshi

Makala hii yahusu swali moja ambalo huulizwa mara kwa mara na wanafunzi wetu, na vilevile na watu wasiopata kuingia chuoni, pindi wanapotambua kwamba katika ukoo wao alikuwako askari: je, babu huyu aweza kupatikana wapi katika maandishi? Muulizaji huwa na machache mkononi. Ana jina moja, pengine mawili. Ana neno "Keya", ambalo ndivyo masikio ya watu wetu yalivyolipokea jina la jeshi la King's African Rifles, yaani K.A.R. Labda ana nishani iliyokwisha kuchakaa, na habari ya vita vya mbali: Bama, Abisinia, Bukini, au "vita vya Mjerumani". Jibu analozoea kupewa ni kwamba akatafute daftari za pensheni.

Jibu hilo lina asili yake Uingereza, na huko ni jibu jema. Mwezi wa Septemba 1940 mabomu ya Wajerumani yaliunguza sehemu kubwa ya majalada ya utumishi ya askari wa Kiingereza waliopigana vita vya 1914-1918. Wajukuu wa askari hao wakaokolewa na pensheni: majeruhi aliyelipwa na mjane aliyelipwa walikuwa na kadi au ukurasa wao katika daftari nyingine, na kadi hizo zimesalia kwa mamilioni. Mwenye babu wa Kiingereza huenda akaanza na kidonda cha mguu akaishia na jina la mke, mtaa walioishi, na umri wa watoto.

Kwetu mambo hayakuwa hivyo. Askari wengi wa Kiafrika wa K.A.R. hawakupata pensheni ya kila mwezi. Walipotoka jeshini walipewa kiinua mgongo mara moja, wakarudi makwao. Wapagazi, ambao idadi yao ilizidi ya askari mara nyingi, walihesabiwa mshahara wao tu, tena si wote waliouona. Basi anayefuata nyayo za pensheni atafika mahali nyayo zinapokoma. Maoni ya mwandishi ni kwamba asikate tamaa, ila abadili njia. Asitafute malipo; atafute madai, na hasa madai yaliyokataliwa.

Kwa nini dai lililokataliwa

Sababu yake ni nyepesi. Karani anayelipa huandika mstari mmoja: namba, jina, kiasi cha fedha, na alama ya kidole gumba. Akishalipa amemaliza. Lakini anayekataa hulazimika kueleza kwa nini amekataa. Humwandikia mkubwa wake; mkubwa huuliza maswali; mdai hujibu, tena hujibu kwa urefu kwa kuwa ana haja; mashahidi huitwa; na barua hizo zote huwekwa katika jalada moja kwa hofu kwamba mdai atarudi tena. Kwa hiyo ubahili wa serikali, bila ya kukusudia, huwa ni ukarimu kwa mwanahistoria.

Jambo hili limekwisha kuonekana wazi Marekani. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861-1865 watu weusi wapatao 180,000 waliingia katika jeshi la Muungano, na wengi wao walikuwa watumwa muda mfupi kabla ya kuvaa sare. Ndoa ya mtumwa haikutambuliwa na sheria, wala kuzaliwa kwake hakukuandikwa ila katika hesabu za mali za bwana wake. Wajane wao walipodai pensheni waliulizwa: nani aliwafungisha ndoa? Katika shamba la nani? Nani alikuwako? Wakaja majirani, wakaja wenzake marehemu wa kombania, wakaja hata mabwana wa zamani, na maneno yao yakaandikwa. Mwenye cheti alileta cheti, na jalada lake ni jembamba. Asiyekuwa na cheti alileta watu, na watu wakasema.

Mfano wa kwetu, tena unaogusa Kiswahili chenyewe, ni wa Mahjub bin Adam Mohamed, ambaye Ujerumani alijulikana zaidi kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Baba yake alikuwa askari mwenye asili ya Sudani aliyefikia cheo cha efendi, cheo cha juu kabisa ambacho Mwafrika aliweza kupewa katika jeshi la Wajerumani. Vita vilipozuka mwaka 1914 baba na mwana waliingia vitani pamoja, mwana akiwa na umri wa miaka kumi tu. Akafunzwa kazi ya kupeleka ishara. Alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, Oktoba 1917, akatekwa na Waingereza. Vita vilipokwisha alifanya kazi katika meli, na mwaka 1929 akafika Berlin. Alikwenda kudai katika Wizara ya Mambo ya Nje mshahara wake wa vita, pamoja na wa baba yake. Akajibiwa kwamba amechelewa.

Hakuondoka. Alihudumu katika mkahawa mkubwa wa Haus Vaterland. Aliigiza katika filamu, ambamo aghalabu alipewa nafasi ya boi au askari mtiifu. Na chuoni alikuwa msaidizi wa kufundisha Kiswahili. Maana yake ni kwamba Wajerumani waliojifunza lugha hii Berlin katika miaka hiyo waliipokea kutoka kinywani mwa mtoto wa efendi wa Dar es Salaam, na historia ya taaluma yetu haijampa mahali pake. Mwaka 1934 aliomba nishani iliyotolewa kwa waliopigana vita vya 1914-1918, akanyimwa. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sheria za ubaguzi za Wanazi kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani, akatiwa katika kambi ya Sachsenhausen, na humo akafa tarehe 24 Novemba 1944. Marianne Bechhaus-Gerst ameandika maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka 2007.

Tujiulize: je, maisha haya yangeandikika kama mwaka ule angelipwa rupia zake papo hapo? Yamkini angekuwa mstari mmoja katika hesabu, kisha basi. Ombi moja lililokataliwa lilizaa jingine, na maombi hayo ndiyo yaliyomfanya aonekane katika majalada ya watu ambao hawakutaka kumwona. Wenzake waliolipwa bila maneno, hatujui hata kama walikuwa na ndugu.

Yafaa kuongeza kisa cha Mwanza. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani ya Magharibi lilikubali kuwalipa askari wa zamani wa Afrika ya Mashariki waliokuwa hai malimbikizo ya mshahara wao. Ofisi ya muda ya malipo ikafunguliwa Mwanza. Inasimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walijitokeza, na wachache tu ndio waliokuwa na vyeti walivyopewa mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya sare kuukuu; wengine hawakuwa na kitu. Mtu wa benki aliyeleta fedha akampa kila mzee ufagio badala ya bunduki, akamwamuru kwa Kijerumani acheze kwata. Inasemekana hapana hata mmoja aliyeshindwa.

Kisa hiki kimesimuliwa mno hata kimekuwa kama ngano, na chafaa kupokewa kwa tahadhari. Wasimulizi wake wengi wamependa kuonyesha utiifu wa askari kwa Mjerumani, kuliko kuuliza kwa nini deni la miaka 46 lilingojea hata walio wengi kati ya wenye haki wakafa. Walakini kwa msomi wa lugha kina jambo. Ushahidi uliokubaliwa siku ile haukuwa jina wala karatasi, bali maneno machache ya lugha ya kigeni yaliyokuwa yamebaki mwilini. Na kwa mjukuu wa mmoja wa wazee wale kuna hasara: aliyethibitishwa kwa ufagio hakuandikiwa maelezo.

Jina lilivyosikiwa

Mtafiti akishapata jalada, taabu ya pili humkabili, nayo ni ya lugha. Mahjub mmoja alikuwa na majina mawili. Askari wa kawaida aweza kuwa na matatu au manne, na lolote kati yao laweza kuandikwa kwa namna nyingi. Hapa ndipo mwanafunzi wa lugha za Kiafrika anapoweza kumsaidia mwanahistoria kuliko anavyodhani.

Tuanze na majina yenyewe. Askari wa kwanza wa Wissmann, aliyetumwa mwaka 1889 kuvunja upinzani wa pwani chini ya Abushiri na Bwana Heri, walikuwa Wasudani wapatao 600 walioajiriwa Kairo, pamoja na watu wa Msumbiji ambao Wajerumani waliwaita "Wazulu" ijapokuwa wengi wao walikuwa Washangani. Wasudani wengine waliokuja kuwa askari wa Waingereza walikuwa mabaki ya jeshi la Emin Pasha, waliochukuliwa na Lugard mwaka 1891 karibu na Ziwa Albert. Katika watu hawa majina kama Farajala, Bakhiti, Murjani na Almasi hurudi tena na tena. Majina hayo hayakutungwa na mama zao. Ni majina waliyopewa watumwa na askari-watumwa wa Misri: faraja, bahati, marijani, almasi. Ni ndugu wa Mabruki, Feruzi na Majaliwa wa pwani yetu. Mwenye jina hilo yaelekea alitekwa angali mdogo, au ni mwana wa aliyetekwa. Na jina lake la kwanza, lile la Kibari au la Kikakwa, halimo katika daftari yoyote. Hali kadhalika "bin Abdallah" si lazima iwe habari ya baba. Abdallah ni mtumwa wa Mungu, na asiyejulikana baba yake aliweza kupewa ubini huo kwa heshima. Mjukuu anayemtafuta Abdallah huyo atazunguka sana.

Kabila nalo ni jina lililosikiwa. "Sudani" katika orodha za jeshi lilikuwa kapu lililobeba Wabari, Wakakwa, Walugbara, Wamakaraka, Wamuru na wengine wengi, madhali walikuwa Waislamu wa jeshini na walisema Kiarabu chao cha kambini, ambacho leo ni Kinubi. "Manyema" na "Nyamwezi" zilitumika vivyo hivyo: mara nyingi zilieleza njia mtu aliyopita au kambi alikoandikwa, si kijiji alikozaliwa.

Kisha vyeo. Jeshi la Wajerumani lilirithi vyeo vya Kituruki kutoka Misri: ombasha, shaushi, beshaushi, soli, efendi. Watu waliitwa kwa vyeo hivyo maisha yao yote, na watoto wao wakaitwa wana wa Shaushi au wana wa Efendi. Hivyo jina la ukoo lililo leo katika kitambulisho cha mtu laweza kuwa ni cheo cha babu, na babu mwenyewe yumo katika orodha kwa jina jingine kabisa. Tena asidhani kwamba askari wa Mjerumani yumo katika orodha za Mjerumani peke yake. Mwaka 1917 Waingereza waliunda kikosi cha 6 cha K.A.R., na humo wakawatia askari wengi waliokuwa wametekwa upande wa pili. Mtu mmoja aliweza kuanza vita na Lettow-Vorbeck na kuvimaliza akimwinda.

Katika Kenya ugumu ni wa namna nyingine. Makarani walikuwa na kanuni yao: kila mtu ana jina, "bin", na jina la baba. Mkamba, Mluhya au Mjaluo asiyejua kibla ni wapi akaandikwa "fulani bin fulani", na wajukuu wakashangaa kuona kwamba babu yao alikuwa Mwislamu. Hakuwa, karani ndiye aliyekuwa na "bin". Kijana wa Kikalenjin aliyeandikishwa kwa jina la utotoni, mathalani Kipkemboi, baadaye alijulikana kijijini kwa jina la baba yake likitanguliwa na arap, na barua iliyotumwa kwa Kipkemboi huenda haikumpata mtu. Kwa Wakikuyu mwana wa kwanza huitwa kwa jina la baba wa baba, basi Kamau wa Njoroge humzaa Njoroge wa Kamau, naye humzaa Kamau wa Njoroge. Anayemtafuta Kamau aliyepigana Bama mwaka 1944 anaweza kumkuta Kamau wa mwaka 1917, akadhani amempata, kumbe amempata babu yake Kamau. Na kwa Wajaluo, ambao humwita mtoto kwa saa au hali aliyozaliwa nayo, akina Otieno na Odhiambo wa jeshini ni wengi kama nyota.

Matamshi yakaongeza yake. Gikuyu haitofautishi "l" na "r", na karani kutoka kabila jingine aliandika alivyosikia: Njoroge akawa Njologe. Sauti ambayo Wakikuyu huiandika kwa "c" ilisikiwa mara "ch", mara "sh", na jina moja likaangukia kurasa mbili zilizo mbali katika orodha ya alfabeti. Odhiambo aweza kuwa Othiambo, au Oziambo, au akapoteza irabu yake ya kwanza akawekwa chini ya D. Mwandishi huwaambia wanafunzi wasisome orodha kwa macho tu. Waisome kwa sauti, tena wajitie kuwa karani wa kigeni mwenye haraka na foleni ya watu mia mbele yake.

Penye jina legelege, namba ni imara. Namba ya jeshi haina tahajia. Imepigwa pembeni mwa baadhi ya nishani, imo katika kitabu cha kuachiliwa jeshini, na wazee wengi wa Keya waliikumbuka hata walipokuwa wamesahau mwaka waliotoka. Familia iliyo na namba imekwisha kufika nusu ya njia.

Wapagazi

Habari ya wapagazi tutaipita upesi, si kwa kuwa ni ndogo, bali kwa kuwa maandishi yao ni machache mno kulinganisha na wingi wao. Mitaa ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam imehifadhi jina la kikosi chao, Carrier Corps, vizuri kuliko daftari zilivyohifadhi majina yao. Waliokufa katika utumishi wa Waingereza walizidi 40,000 kwa hesabu za serikali yenyewe. Wanahistoria waliochunguza baadaye, kama Geoffrey Hodges, wamekaribia 100,000. Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, homa ya mapafu na njaa.

Kila mpagazi alipewa namba, na hesabu yake ikawekwa kwa namba hiyo. Ujuzi uliopatikana katika kuwaandika watu kwa wingi namna hii haukupotea: sheria ya kipande ilipitishwa Kenya mwaka 1915, na vita vilipokwisha ikaanza kutumika, alama za vidole na yote. Walakini namba hiyo haikutosha kumrudishia mjane fedha za mumewe. Mishahara ya waliokufa na waliopotea, ambao ndugu zao hawakupatikana, au hawakutafutwa kwa bidii, ilibaki mikononi mwa serikali. Mabishano juu ya fedha hizo yaliendelea kwa miaka kati ya Afrika ya Mashariki na London. Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa kikosi hicho, alikuwa miongoni mwa waliotaka zilipwe. Wajane hawakuziona. Hapa tena ni dai lililokataliwa, na hapa tena ndipo penye maandishi; ila mdai safari hii si mwenye haki bali ni ofisa anayemsemea, na kwa hiyo yanazungumzwa majumla, si majina.

Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha taarifa inayokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, waliokufa kwa sababu ya vita vya kwanza, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Kwa familia ya mpagazi, basi, kutafuta jina si anasa ya watu wenye nafasi.

Vita vya pili na ofisi ya wilaya

Vita vya 1939-1945 vilichukua watu karibu 98,000 kutoka Kenya peke yake. Hawa wameacha karatasi nyingi zaidi, kwa sababu moja kubwa: sehemu ya mshahara wa askari iliweza kupelekwa kwa mkewe au wazazi kwa njia ya ofisi ya wilaya. Fedha hizo zilichelewa, zilipotea, zilimfikia kaka badala ya mke, na kila zilipopotea palikuwa na barua. Askari aliandika kutoka Bama kwamba mkewe hajapata kitu. Bwana shauri akamwuliza chifu. Chifu akajibu kwamba mke amerudi kwao na sababu ni hizi. Ugomvi wa nyumbani umehifadhi nasaba ambazo jeshi halikuzijali.

Kwa sababu hiyo anayefika katika Nyaraka za Taifa, Nairobi, asianze na majalada ya makao makuu. Mengi ya zamani yaliungua moto ulipoteketeza ofisi kuu za serikali mwaka 1939. Aanze na majalada ya wilaya ya babu yake, chini ya vichwa visivyo na uzuri wowote: mambo ya askari, malalamiko, fedha za familia, walemavu. Huko pia atakuta waliodai pensheni ya kilema, ambao ni wachache waliokuwa na haki ya kuidai. Kuhusu kiinua mgongo, mwaka 2019 Al Jazeera ilitangaza hati za serikali ya Uingereza zinazoonyesha kwamba kilipangwa kwa rangi ya ngozi, na kwamba Mwafrika alipewa sehemu ndogo ya alichopewa mzungu wa cheo kile kile. Wazee walikuwa wakilisema jambo hilo tangu zamani; ilibidi karatasi ijitokeze ndipo waaminiwe.

Kibera

Tumeacha mwisho dai ambalo halikuwa la fedha. Wanubi, yaani wazao wa wale Wasudani wa K.A.R., walipotoka jeshini hawakuwa na kijiji cha kurudia. Kwao kulikuwa mbali, na wengine walikuwa wamezaliwa kambini. Badala ya pensheni waliruhusiwa kujenga na kulima katika msitu ulio kusini-magharibi ya Nairobi, na aliyeruhusiwa alipewa karatasi iliyoitwa pasi ya shamba. Mwaka 1918 ardhi hiyo ilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi: ekari 4,197. Pasi ile ndiyo hati yao ya pensheni, ijapokuwa neno pensheni halimo.

Mwaka 1928 mahali hapo paliondolewa mikononi mwa jeshi pakawekwa chini ya utawala wa kiraia, na utawala huo haukuwa na kumbukumbu ya ahadi yoyote. Tume ya Ardhi ya Carter ilipoketi mwanzoni mwa miaka ya 1930, wazee wa Kibera walipeleka dai lao. Tume iliamua kwamba walikuwa wapangaji kwa hiari ya serikali, wasio na haki ya kudumu. Hata hivyo ikakiri kwamba si haki kuwaondoa bila ya kuwapa mahali pengine na fidia. Yaani walikataliwa, lakini kwa aibu kidogo. Timothy Parsons, katika utafiti wake wa mwaka 1997 juu ya Kibera, ameonyesha jinsi mabishano hayo yalivyoendelea hata baada ya uhuru. Mwanahistoria wa ukoo wa Kinubi ana bahati mbaya yenye faida: wazee wake walikataliwa mara nyingi sana, na kila mara iliandikwa.

Jambo hili si la zamani tu. Kwa miaka mingi kijana wa Kinubi aliyefikia umri wa kupata kitambulisho cha taifa alipelekwa mbele ya kamati ya wazee na maofisa, akatakiwa alete karatasi za baba na za babu ambazo jirani yake wa kabila jingine hakuulizwa. Pasi ya shamba, kitabu cha kuachiliwa jeshini, nishani yenye namba pembeni: vitu vilivyokuwa vimetupwa chini ya kitanda vikawa ndivyo vinavyoamua kama mtu ni Mkenya. Tarehe 22 Machi 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika juu ya Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za watoto wa Kinubi katika jambo la uraia. Mwezi wa Juni 2017 jumuiya hiyo ikapewa hati ya ardhi ya ekari 288. Kati ya 4,197 na 288 kuna historia ambayo haijaandikwa yote, na sehemu yake kubwa imo katika masanduku ya watu binafsi.

Karatasi hizo zinaliwa na mchwa. Zingeweza kupigwa picha kijiji kwa kijiji, si Kibera tu bali Kisumu, Eldama Ravine, Kibigori na kwingine walikokaa Wanubi, na kila moja ikaandikiwa majina kama yanavyotamkwa na wenyewe kwa Kinubi, si kama karani alivyoyasikia. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Yahitaji wanafunzi wawili watatu wenye masikio mazuri, na mzee atakayekaa nao mchana kutwa.

Wataanzia na jina la mahali penyewe. Kwa Kinubi ni Kibra, maana yake msitu. Ramani na majalada ya serikali yakaandika Kibera, na Kibera ndilo lililoenea duniani. Mwaka 2013 jimbo jipya la uchaguzi likaitwa Kibra. Atakayelitafuta shamba la babu yake katika nyaraka hana budi kulitafuta kwa tahajia zote mbili.